Nilisema Unapiga kwa Nguvu

Baba Kidoti,

Maziwa ya mtoto yako kwenye friji, yapashe moto kidogo tu. Akiamka analia, mbebe kwanza, maswali baadaye. Glavu yako ya gofu nimeipangusa, iko dirishani. Mimi niko darasani mpaka saa mbili usiku.

Sasa hilo boksi la mipira ya gofu. Asubuhi ulipolifungua ulicheka: "Mke wangu, hii mipira migumu ni ya mabingwa wanaopiga kwa nguvu! Kwa mkono wangu huu mlegevu, haifiki popote." Shemeji naye akashika mbavu. Nikacheka nanyi, lakini iliniuma, maana ile ni zawadi na sikuiokota tu rafuni. Nilizunguka duka zima mtoto akiwa mgongoni. Mwisho nikamuuliza muuzaji, naye akaniuliza: "Mzee anapiga kwa nguvu au taratibu?"

Mbele ya wateja wote wale ningesemaje? Nikajibu, "Kwa nguvu! Mpira wake ukishaondoka hauonekani tena." Na hapo sikudanganya, si huwa mipira yako inapotelea vichakani? Ndipo akanipa migumu.

~~Kesho nitairudisha nibadilishiwe, nikuletee iliyo laini.~~

Hapana, nimeghairi. Ipeleke mwenyewe, risiti imo ndani ya boksi. Umwambie kwa mdomo wako kwamba unapiga taratibu. Mimi nimeshakusifu pale dukani, siwezi kurudi kukushusha.

Mama Kidoti