Sigara Nyuma ya Kanisa

Gatina, Kawangware
3 Juni 1974

Dada Apiyo mpendwa,

Bwana asifiwe. Sisi tu wazima, mahindi yameota. Ila shemeji yako ananitia shaka. Kile kiko cha maji alichozoea kuvuta na wazee wa Makina amekiacha. Sasa anavuta sigara kwa siri, anatafuna majani ya mpera ndipo aingie nyumbani. Nikasema moyoni, huyu ana mwanamke. Jumapili alipotoka katikati ya ibada, nikamfuata. Kumbe yuko nyuma ya kanisa, peke yake.

"Umekuwa polisi, Mama Ouma?"

"Wazee wamekukosea nini?"

"Kiko tunapokezana. Kila anayengoja zamu ananipa pole ya Ouma. Sigara inanyamaza nami."

Tangu tumzike mtoto, hakuwahi kumtaja. Nikaketi kando yake. Waumini walipotoka walitukuta hapo, sigara inawaka, nami sikumwambia aizime.

Tuombee.

Mdogo wako,
Magdaline