Hamsini na Nne, Kona kwa Kona

Mjomba wangu mpendwa,

Kompyuta yako ya kuhariria video iko mateka kwa mtani wako Nandonde tangu siku tuliyokuzika, na Jumapili hii baada ya alasiri nitashindana naye niikomboe. Nakuandikia wewe kwanza, halafu karatasi hii nitaibandika mlangoni pa studio yako hapa Magomeni, Mtwara, kila apitaye aisome. Kuna jambo tulilifanya mimi na wewe, na sitaki kushindana nikiwa bado nimelibeba.

Unakumbuka siku skrini ilipokuja? Ilitoka kwenye hoteli iliyokuwa inabadilisha vitu vyake, imefungwa kwa blanketi, haina boksi wala karatasi yoyote. Wewe na Mwalimu Mwaipopo mliibeba kama mnamwingiza mgonjwa. Mlipoiegemeza ukutani chumba kikawa kidogo ghafla, na mkeo akauliza sasa wateja wa harusi watakaa wapi.

"Watasimama," ulimjibu. "Picha kubwa haitazamwi kwa kukaa."

Nandonde alifika kabla chai haijachemka. Yeye Mmakonde, sisi Wamakua, kwa hiyo matusi ndiyo yaliyokuwa salamu yenu. Skrini yake ilikuwa ya inchi hamsini na tano, na boksi lake alilitunza juu ya kabati kama cheti cha ndoa. Akasema hanywi chai mpaka kioo cha hiyo yako kipimwe kona kwa kona, bila fremu. Ukachukua futi kamba kwenye cherehani ya mkeo, ukaniambia, "Mpwa wangu, shika ncha." Nikaishika kwenye kona ya juu ya kioo, wewe ukashuka nayo mpaka kona ya chini. Halafu ukarudi kwangu kama mtu anayeinyoosha kamba, ukakisogeza kidole gumba changu kutoka kwenye kioo mpaka ukingo wa nje wa fremu, ukanikonyeza. Kule chini nawe ukafanya hivyo hivyo.

"Hamsini na tano na nusu!" ulitangaza.

Mwalimu akapiga makofi. Nandonde akaitazama kamba, akanitazama mimi, akasema, "Haya bwana," akaenda kununua mihogo ya kukaanga, maana hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya aliyeshindwa. Nami niliila ile mihogo. Nilikuwa najisikia mkubwa, nimeshirikishwa siri na Mjomba.

Baada ya skrini zikaja kompyuta. Kila Jumapili Nandonde alikuja na yake juu ya toroli kutoka kwenye karakana yake ya redio, Mwalimu na yake akitoka ibadani, na zote tatu zilipewa video ile ile ya harusi zirende, yaani zipike zile picha mpaka ziive, ya kwanza kumaliza ndiyo bingwa. Mwalimu ndiye aliyeshika saa. Umeme ukikatika, wote mnaanza upya, na siku moja mlianza upya mara nne bila mtu kuaga. Feni ya mezani ilielekezwa kwenye kompyuta, sisi tukalowa jasho. Mkeo alipita mlangoni akasema katika nyumba hii kompyuta inapepewa, binadamu anajipepea kwa kanga. Nilizipenda sana Jumapili zile. Sikuwahi kukwambia kwa mdomo wangu, basi nakwambia sasa.

Lakini pia nina hasira na wewe, Mjomba. Miaka miwili ya mwisho macho yako yalichoka, na kila harusi iliyotoka studio niliihariri mimi. Ile ya Naliendele, watu walilia waliposhuhudia bibi harusi akiagana na bibi yake, ni mimi niliyekata na kuunga pale. Mwishoni tukaandika jina lako. Na wageni wakija ulinionyesha kwa kidole, "Huyu ni mshika ncha wangu," wakacheka, nami nikacheka nao. Sikupenda. Nilinyamaza kwa sababu ulinifundisha kazi bila kunificha kitu, na nilidhani tuna muda.

Siku ya mazishi jeneza lilikuwa bado barazani Nandonde alipoingia na futi kamba shingoni. Wazee wakaanza kutabasamu, maana wanamjua mtani akija msibani. Akainama, akalipima jeneza kona kwa kona, polepole, akainua kichwa.

"Enyi Wamakua," akasema, "na hili nalo mmelipima na fremu?"

Baraza zima likacheka, wakidhani ni utani tu. Mimi nilicheka mpaka nikaanza kulia, na nililia vibaya, wakanishika. Alijua, Mjomba. Siku ile ile alijua, na miaka yote alikuacha ujivune mbele ya watu kwa inchi ambazo hukuwa nazo.

Tuliporudi kutoka makaburini tukamkuta ameshaipakia mashine yako kwenye toroli. "Hii mateka," alisema. Wajomba wa Mpapura wakamchangia kitu kidogo cha kuikomboa, kama desturi. Akakataa.

"Sitaki hela. Nataka mshindani. Ukoo wenu wote umekwisha? Kama hakuna mtu, naifungua, nachukua kadi ya picha, hili kasha mtafugia kuku."

Na usidhani alikuwa anatania. Kadi ile ndiyo inayoipa mashine kasi ya kupika video, na ameitamani tangu ulipoipachika.

Nikasikia mtu anasema, "Mimi nipo." Kumbe ni mimi. Mama akanivuta nikae chini.

"Wewe?" Nandonde akasema. "Wewe si mshika ncha?"

"Nilishika ncha. Na kazi nilifanya mimi. Muulize yeyote."

Akashika toroli aondoke. "Haya. Arobaini ikipita."

Arobaini imepita. Mama anasema niache mambo ya haya masanduku ya kompyuta, nirudi naye Mpapura, msimu wa korosho unakaribia na mikono haitoshi. Sina ubishi na korosho, ndizo zilizonisomesha. Ila nikishindwa Jumapili studio inabaki na skrini, meza na kiti, na mimi nitarudi shamba nikiwa na ujuzi usio na mahali pa kukaa. Hilo silikubali. Nimemwambia Mama hivyo hivyo, na jana alinifulia gauni la kuvaa Jumapili.

Nandonde huniruhusu kumtembelea mateka. Nakwenda karakanani kwake kila asubuhi. Nimeifungua mashine yote, nimeipuliza vumbi, nimebadilisha ile dawa inayopakwa kupoza prosesa iliyokuwa imekauka kama matope ya ukutani. Ndani ya feni ya nyuma nimekuta mayai mawili ya mjusi. Ndiyo maana ilikuwa inachelewa, Mjomba. Ulililaumu joto la Mtwara bure. Nandonde alinipa bisibisi yake nzuri bila kuniangalia usoni, akasema eti hataki kumshinda mgonjwa.

Basi nimeamua. Jumapili, Nandonde akishazileta mashine studio kwa toroli na kabla hazijawashwa, nitaomba skrini yako ipimwe upya mbele ya watu wote. Ncha nitampa Nandonde aishike yeye. Mimi nitashuka na kamba mpaka kona ya chini, juu ya kioo peke yake, na nitasoma kwa sauti. Nimeshapima, najua nitakachosoma. Ni hamsini na nne.

Tutashindwa kwa inchi moja, Mjomba, na mihogo nitakwenda kununua mimi. Nisamehe kwa kukuaibisha, lakini yule mtu amekutunzia heshima muda mrefu, na mimi ndiye niliyebaki wa kumrudishia yake. Halafu nitarudi, nitakaa kwenye kiti chako, nitaelekeza feni kwenye mashine, na Mwalimu akisema anza, hapo simwachii Nandonde hata sekunde moja.

Pumzika, Mjomba. Mungu akurehemu. Nikimaliza kupika ile harusi, mwishoni jina lako litakuwepo, na chini yake langu.

Mpwa wako,
mhariri