Kondoo wa Shukrani

Jumamosi, jioni. Nambis, kijijini kwetu. Ukungu umeshuka mapema na baridi leo ni ya kuuma. Situlii. Nimefagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa, nimekwenda dukani kununua chumvi na chumvi ipo, na sasa nimekaa jikoni na simu, naandika ili mikono ipate kazi.

Kesho baba anasimama kanisani kumshukuru Mungu kwamba moyo wake ni mzima.

Hakuna anayejua kama ni mzima. Na mimi ndiye niliyeacha iwe hivyo.

Mdogo wake baba alianguka shambani wakati wa kuvuna maharage, ameshika kifua, na hakuinuka tena. Tangu siku ile baba anausikiliza moyo wake. Anasimama katikati ya kazi, anaweka kiganja kifuani, ananyamaza. Akigundua tunamwangalia anajifanya anajikuna. Wiki hii ndipo alipokubali nimpeleke hospitali mjini Mbulu, ninakoishi na kushona nguo.

Walimpiga ultrasaundi, daktari akasema ini limejaa mafuta. Baba akauliza, "Kumbe ni ini?" Akacheka, akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akatoka nje hata vifungo vya shati hajafunga. Kwetu ini ni ugonjwa wa walevi, na yeye pombe aliiacha kabla sijazaliwa. Habari ya ini haikumtisha hata kidogo.

Nikabaki mimi na daktari. Akaniambia mafuta ya ini hayampati mlevi peke yake. Mara nyingi huambatana na kitambi, presha, sukari na mafuta kwenye damu, na hayo ndiyo yanayoharibu mishipa ya moyo. Akasema wengi wenye ini kama hilo huangushwa na moyo kabla ini lenyewe halijawasumbua. Alitaka baba arudi apimwe moyo na damu.

Nje nilimkuta anawapigia watu simu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba. Nikajisemea nitamwambia tukifika nyumbani. Nyumbani mama akalia kwa furaha, nikaahirisha. Halafu baba akamtaja kondoo.

Kondoo huyo amekaa amefungwa ndani miezi mingi, analetewa majani na maganda pale pale aliposimama, mpaka mkia ukawa mzito wa kumsumbua kutembea. Baba akaamua achinjwe kwa ajili ya shukrani, mafuta ya mkia yayeyushwe, naye anywe kikombe kizima kama enzi za ujana wake.

Leo alasiri wamemchinja. Mimi nilishika beseni. Ini lilipotolewa lilikuwa limepauka, karibu na manjano, na baba alipolibonyeza kidole kikazama. Akaliinua majirani walione. "Angalieni," akasema, "huyu amenona mpaka ini." Wakamsifu kwa ufugaji mzuri.

"Baba, na la kwako liko hivyo hivyo."

Ni mimi niliyesema. Wiki nzima nimekuwa nikitafuta maneno ya heshima, na yaliyotoka ni hayo, mbele za watu, nimeshika beseni la utumbo. Mengine yakafuata yenyewe: sukari anayojaza kwenye chai, moyo, kurudi hospitali. Jirani mmoja akakohoa. Baba akaliweka ini kwenye beseni taratibu, akanawa mikono, akaenda kwenye zizi la ng'ombe.

Nimemwaibisha baba yangu.

Nina hasira naye kwa kuninunia, na nina hasira zaidi na mimi mwenyewe kwa kungoja hadi kisu kipite. Mama anakoroga mafuta kwenye sufuria, hanitazami. Jiko zima linanukia vizuri, na hilo nalo linaniudhi.

Nilikuwa nimeandika hadi hapo, baba akasimama mlangoni.

"Daktari alitaja na moyo?"

"Alitaja, baba."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unacheka. Nilishindwa."

Akaitazama sufuria. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka kiganja kifuani, na safari hii hakujifanya anajikuna. Akasema wageni waje tu, nyama wale, lakini kesho kanisani atawaomba wamwombee. Shukrani ingoje kidogo. Mama akaipua sufuria, akaisogeza mbali naye.

Kwa hiyo kesho ni kanisani, keshokutwa ni hospitali. Sijui watakuta nini. Bado sijatulia ninapoandika haya, na yeye bado amekaa hapa, anaota moto.

Sasa hivi ameniuliza kama hicho kipimo cha moyo kinauma. Nilitaka kusema hapana, nimtulize.

Nimemwambia sijui, baba. Tutaenda wote.