Mguu Wangu Umefika Chini

Kaka yangu mpendwa, Twiga wetu,

Pokea salamu zangu, na kabla hujasoma mbele ujue kwamba huku wote ni wazima, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyelazwa, wala hakuna anayeomba kitu. Nimeanza hivyo kwa sababu nakujua: ukiona bahasha ya nyumbani unaifungua umesimama. Sasa kaa. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia unakusumbua tangu walipokuhamishia kwenye ghala la juu, na kwamba godoro la huko lina bonde katikati. Weka ubao chini yake, usione aibu. Na kile kikohozi kimekwisha, au bado unajidanganya kuwa ni vumbi? Nataka majibu ya kweli, siyo yale ya "niko poa" unayompa Mama.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kila nikichukua simu kutoka mkononi mwa Mama, mtandao wa kwako unaharibika ghafla. Umeharibika hivyo tangu nilipolazwa. Barua haina mtandao, kwa hiyo leo utanisikiliza hadi mwisho.

Habari kubwa ni kwamba natembea bila fimbo. Nachechemea nikichoka, na chuma walichoniwekea kwenye paja kinanikumbusha kuwa kipo kila hewa ikiwa baridi, lakini natembea. Mwezi uliopita yule mama wa mazoezi ya viungo, ambaye ana mikono laini na roho ya askari, aliniambia naweza kuendesha tena. Nilitaka kumkumbatia. Akaniambia ningoje kwanza masharti: nisiinue mguu wa kushoto juu, nisikae nimetanua mapaja, nisirushwerushwe na mashimo, wala nisijaribu kuzuia kitu kizito kisianguke. Nikamwambia anachonielezea ni kiti cha sebuleni. Akasema basi nitafute kiti cha sebuleni chenye injini.

Bosi wangu pale kituo cha mifugo naye alikuwa na lake. Alinishikia njia yangu ya kuzungukia mazizi muda wote nilipokuwa nimelala, wenzangu wakigawana wafugaji wangu shingo upande, lakini chanjo za msimu zilikuwa zinakaribia kuanza. Akanieleza kwa upole kwamba zikianza kabla sijapanda kitu chochote chenye magurudumu, njia itapewa mtu mwingine, na mtu akishapewa njia hanyang'anywi. Kaka, wale wafugaji nimewazoea. Najua ng'ombe yupi anapiga teke na mzee yupi anasema ng'ombe ni mgonjwa ili tu apate mtu wa kuzungumza naye. Nilirudi nyumbani siku ile nikihesabu wiki zilizobaki.

Kwanza nilikwenda kwa fundi, yule rafiki yako mwenye gereji kona ya pili. Nilimpelekea pikipiki yako uliyoniachia, ileile niliyoanguka nayo, nikamwomba aishushe. Akachonga sponji ya kiti, akalegeza shokapu za nyuma, akanikalisha juu yake kama mtoto anayepigwa picha. Vidole vya miguu viligusa chini, nami nikafurahi. Ila sponji iliyobaki ilikuwa na unene wa chapati. Nilizunguka uwanja wa gereji tu, na kila kokoto niliyopita nilijua ina umbo gani. Tena uzito ulikuwa uleule. Fundi alinishikisha hendeli akaachia, akaona pikipiki inavyonivuta ubavuni, akaishika tena. Akaifunika turubai. Akasema hii ilitengenezwa kwa ajili ya Twiga.

Basi tukaenda naye dukani. Muuzaji alikuwa mtu mwema mwenye maneno mengi, akatuuliza tunataka nini, na kabla sijafungua mdomo fundi akajibu tunataka fupi. Wakaniletea moja imelala chini kweli, ina kiti kipana kama kochi. Nyayo zote mbili zilitua sakafuni. Lakini upana ule ulinitanua mapaja hadi mfupa ukapiga kelele, na miguu ilipaswa kuwekwa mbele huko, kama mtu anayesinzia ufukweni. Nikashushwa nikiwa nimeuma midomo. Ndipo muuzaji akaleta nyembamba, nyepesi, ambayo kwa macho ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Nikakataa. Akanisihi nikae tu. Wewe, Kaka, nilishangaa! Kwa kuwa kiti kilikuwa chembamba, miguu ilishuka moja kwa moja, haikupitia njia ya kuzunguka, na unyayo wangu ukafika chini. Fundi akapiga makofi. Muuzaji akapiga makofi. Akatukubalia tukaijaribu nyumbani hadi kesho yake, naye fundi akaiendesha hadi getini kwetu meno yote nje.

Unamjua Mama na pikipiki. Tangu ajali anaziita majeneza yenye tairi, na aliapa mbele ya majirani kwamba hakuna itakayovuka geti lake tena. Ile ilivuka. Mama alisimama kizingitini, akaiangalia juu hadi chini, akaingia ndani kupika. Sikumwelewa. Nilidhani amekasirika kupita kiwango cha kusema.

Asubuhi nikaamka na furaha yangu, nikavaa buti, nikafunga sanduku la dawa kwenye karia ya nyuma. Unalikumbuka lile sanduku la chanjo, lenye barafu ndani, linanifika kifuani likiwa juu ya karia. Halafu nikataka kupanda. Kaka, hapo ndipo nilipojua kuwa watu wazima wote tulikuwa wajinga. Nikisimama upande wa kushoto mguu mzima ndio unaopita juu, lakini uzito wangu wote unabaki kwenye ule uliovunjika huku najipinda kuliepuka sanduku. Nikienda upande wa kulia, mguu mbovu ndio unaotakiwa kuruka juu, na huo hauruki hata kizingiti. Tulipima kutoka unyayo hadi ardhini. Fundi alipima, muuzaji alipima, mimi nilipima. Hakuna aliyekumbuka kwamba daktari wa mifugo hasafiri bila sanduku.

Nilijaribu kila njia. Nilipanda kutokea kwenye ngazi ya mlango, nikaweza, kisha nikajiuliza ngazi hiyo nitaibeba mfukoni hadi kwenye mazizi? Nikajaribu kwa nguvu, nikakwama mguu mmoja hewani, kisigino juu ya kifuniko cha sanduku, siwezi kwenda mbele wala kurudi. Jirani anayefua nguo akauliza kama ni mazoezi ya hospitali. Nikamwambia ndiyo. Mama ndiye aliyekuja kuninasua. Nikakaa kwenye ngazi nikalia, nakwambia ukweli, nikalia kama mtoto aliyenyimwa. Nililia kwa sababu chanjo zilikuwa zinaanza wiki iliyokuwa inaingia, na mimi nilikuwa nimeshindwa na sanduku.

Mama aliningoja nimalize. Kisha akaniambia ninawe uso, fundi airudishe hiyo, na sisi tuite teksi twende dukani. Akalibeba sanduku mwenyewe, hakutaka nilishike. Tulipoingia, muuzaji alinisalimu mimi kwa adabu, lakini kwa Mama alisema karibu tena, mama yangu, leo umekuja naye? Nikageuka kumtazama. Mama akajitia kurekebisha kanga.

Kumbe alikwisha kwenda! Unajua mimi na yeye ni kimo kimoja, viatu vyetu vinaingiliana. Siku nilizokuwa kwenye mazoezi alikuwa anakwenda pale dukani, anakalia pikipiki moja baada ya nyingine na kanga zake, anapanda na kushuka, muuzaji akimshikia hendeli. Alimwambia binti yake hawezi kujaribu zote, nyonga itachoka kabla ya moyo, kwa hiyo yeye atapunguza orodha. Na siku moja alikwenda na sanduku langu. Muuzaji anasema wateja wengine waliacha kununua wakabaki wanamtazama. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kuwa mimi ningekataa chochote alichochagua mama mtu, kwa hiyo aliniacha kwanza nichague na fundi wangu. Alisema hivyo bila huruma hata kidogo.

Alichokuwa amechagua ni skuta. Cheka umalize. Fundi naye alicheka hana mbavu, akasema hicho ni chombo cha kufuatia mkate, na mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikipita bila kukitazama, kwa majivuno tu. Sasa sikia. Hupandi kwa kuruka, unapita katikati kama unaingia mlangoni, sanduku limekaa nyuma huko halikuhusu. Kiti kimeshiba sponji. Magoti yamekaa pamoja, miguu imepumzika kwenye sakafu yake. Halafu kuna jambo ambalo hata fundi hakulifikiria mpaka Mama alipomwonyesha: breki zote mbili ziko mikononi. Kwenye pikipiki yako breki ya nyuma ni ya mguu wa kulia, kwa hiyo nikisimama mlimani ni mguu wa kushoto pekee unaoshuka, na huo ndio wenye chuma. Kwenye hii nashusha ninaoutaka. Muuzaji alitutafutia yenye magurudumu makubwa kidogo kwa ajili ya njia za mazizini. Fundi akaacha kucheka, akaizunguka akijikuna kichwa, akasema mama huyu angekuwa na gereji yeye angefunga yake.

Sitakudanganya kwamba haina kasoro. Haina haraka, dimbwi kubwa nalizunguka, na wavulana wa kijiweni wananipigia miluzi. Wapige. Zizi la kwanza nilipofika, nilisimama palepale pagumu, kwenye kile kimteremko cha langoni nilikoangukia. Nikabana breki, nikashusha mguu wa kulia, ukafika chini. Nikabaki nimesimama hapo, injini inanguruma, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliishikilia tangu hospitalini. Mwenye ng'ombe alikuja kuuliza kama skuta imezimika. Nikamwambia hapana, ninapumzika. Nimechanja zizi lake lote, na la jirani yake, na jioni nikarudi nyumbani nimechoka uchovu ule wa zamani, uchovu wa kazi. Nimefurahi, Kaka. Sijui niandikeje zaidi ya hapo.

Sasa nimefika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu.

Nilipokwenda kuripoti kazini, bosi alinipa mkono akasema amefurahi, lakini pia ameshangaa, kwa sababu nilipokuwa naumwa ndugu yangu alimpigia simu kumwomba nisirudishwe barabarani kamwe. Alimsihi nipewe kiti kwenye stoo ya dawa. Bosi akadhani ndiyo maamuzi ya familia, akaja nyumbani kuniletea habari hiyo njema, akanikosa, nilikuwa kwenye mazoezi. Alimkuta Mama. Mama akampa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia hapana. Mama, Kaka! Mama wa majeneza yenye tairi! Akamwambia kwamba mimi nimelala dirishani miezi yote ile, na kila pikipiki ikipita nanyanyua kichwa. Kwamba mtoto huyo mkimweka stoo mguu utapona na yeye hatapona. Akamwomba anishikie njia. Akamwahidi kwamba chombo cha kunibeba atakitafuta yeye.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza ni ndugu yupi aliyepiga simu. Mama akaanza kusugua sufuria iliyokwisha kuoshwa, akasema bosi wangu ni mzee, anachanganya mambo. Bosi ni mdogo kwa Mama. Na ndugu mimi ninaye mmoja.

Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikashindwa kula, nikakuandikia barua nyingine ambayo bahati nzuri niliichana. Kisha nikawaza ule mtandao wako unaoharibika. Nikawaza jinsi unavyomuuliza Mama kila wiki kama mguu unaniuma, halafu ukiambiwa nipo hapo unaaga haraka. Hasira ikaniishia, nikabaki nakuonea huruma. Wewe umebeba pikipiki ile mgongoni, Kaka, ndiyo maana hakuna godoro linalokufaa. Uliniachia kitu bora ulichokuwa nacho. Kilikuwa kirefu kwangu, basi, hakuna zaidi ya hapo. Sikuvunjwa na wewe. Ulipopiga simu ile ulikuwa unataka nisivunjike tena, nami nimekusamehe kabla hujaomba, kwa hiyo usinipotezee muda kwa kuomba.

Fundi amekwisha kuirudisha sponji na shokapu za pikipiki yako. Iko chini ya turubai inakusubiri wewe mwenye miguu. Chukua likizo uje. Usiite teksi, nitakupokea mimi mwenyewe hapo unaposhukia, na utakaa nyuma yangu kwenye skuta, magoti yakigusana na masikio, na wavulana wa kijiweni watupigie miluzi sote wawili. Ushike karia vizuri. Nitaendesha polepole, na kila tutakaposimama utaona mwenyewe kwamba mguu wangu umefika chini.

Mama anakusalimu sana, anasema usisahau ubao wa godoro. Fundi anakusalimu. Nisalimie wenzako wa ghalani, hasa yule anayekukopesha koti. Na simu ikilia jioni ya Jumapili, nitaipokea mimi.

Akupendaye, mdogo wako,

Kisoda