Ufunguo wa Tatu

Jumamosi, Kanazi. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi na ziwa halionekani. Nina wivu. Nautaja mwanzoni kwa sababu wale ninaowaandikia barua zao za maombi nawaambia kila siku kwamba ombi lisilotaja shida yake mapema halisomwi.

Gari ni la mke wangu, Adelina. Alilinunua kwa Deo, mfanyabiashara wa samaki wa Muleba, ambaye kabla yangu alipeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa baba yake Adelina akimposa, akakataliwa. Wiki hii ufunguo mmoja umetupotea kibanjani, kati ya migomba. Kwa hiyo leo tumekwenda Bukoba mjini na ule uliosalia, ili tuchongewe mwingine.

Fundi alipomaliza kuchonga, alichomeka mashine yake chini ya usukani ili gari liutambue ufunguo mpya. Akatazama kioo cha mashine, kisha akauliza wa tatu uko wapi, kwa kuwa hata kabla ya huu mpya gari lilikuwa likizitambua funguo tatu: uliosalia, uliopotea na mwingine.

Nilifungua kinywa nimsahihishe kwamba zilikuwa mbili tu. Adelina akanitangulia.

"Wa tatu anao Ta Deo."

Alilisema, pamoja na hiyo "Ta" ya kumheshimu mwanamume, kama anayetaja bei ya ndizi. Nikamwuliza, kwa utaratibu, kwa nini sikuarifiwa. Akajibu kwamba sikuwahi kuuliza.

Fundi akaeleza kuwa funguo zisizokuwepo zinaweza kufutwa katika kumbukumbu ya gari. Nikaagiza zifutwe. Adelina akaona si adabu kumfutia mtu bila kumwambia, akapiga simu palepale.

"Ta Deo, waitu, ule ufunguo wako tunaufuta."

Waitu! Najua sisi Wahaya humwambia kila mtu hivyo kwa heshima. Hata mimi humwambia muuza duka. Lakini neno hilo, likichambuliwa ipasavyo, maana yake ni "wetu". Wetu, yeye na nani? Mimi huniita Baba Koku.

Deo alicheka, nilimsikia. Alisema tufute tu, ufunguo alikwisha kuusahau, unaning'inia kwenye msumari sebuleni kwake. Mtu aliyeusahau ufunguo angeukumbuka msumari?

Fundi akamaliza, akathibitisha kuwa ufunguo ule hautawasha injini tena. Kisha akaongeza, kwa uaminifu ambao sikuuomba, kwamba mlango bado utaufungua.

Nikauliza kuhusu kubadilisha vitasa vya milango.

"Badilisha, Baba Koku," Adelina akasema. "Ukimaliza milango, ubadilishe na mke."

Fundi akainama kutafuta bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi.

Vitasa tukaviacha vilevile, tukarudi Kanazi.

Nakiri kwamba siogopi kuibiwa. Hakuna atakayetoka Muleba kuja kufungua mlango wa gari asiloweza kuliwasha. Kinachonichoma ni msumari ule: kwamba kitu cha Adelina kimekaa miaka yote hii katika sebule ya mwanamume mwingine, Adelina mwenyewe akijua, wala asilione kuwa ni jambo.

Kesho, baada ya ibada, nitakwenda Muleba kuuomba ufunguo huo kwa lugha ya staha. Adelina amesema twende wote, kwani hajamwona mke wa Deo siku nyingi.