Mafuta Katika Damu ya Neema

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tisa
Mayai manne tena asubuhi. Nyama ya mbuzi, ile yenye mafuta, nimeikaanga kwa mawese mpaka nguo zangu zinanuka. Yote ya Neema, mke wa shemeji yangu mdogo, kwa sababu ana mimba ya miezi sita. Mama mkwe anakaa mlangoni mwa jikoni ahakikishe sipunguzi kitu. Miaka tisa niko katika nyumba hii ya mtaa wa Songo, sijazaa. Hakuna aliyewahi kunikaangia hata yai moja. Neema ana mwaka mmoja tu tangu aletwe kutoka Lubarika. Namwonea wivu. Naandika tu, hakuna wa kusoma.

Jumatano, tarehe 6
Neema amenibakizia kipande kizuri cha nyama. Nimempa mbwa.

Jumatano, tarehe 13
Nimemsindikiza kliniki, maana karatasi zao ni za Kifaransa, naye hakijui. Wiki iliyopita walimtoa damu baada ya kusikia kwamba baba yake alikufa ghafla kwa moyo, angali kijana. Leo majibu. Neema alikuwa chumba cha pili akipimwa uzito. Muganga wa kliniki alinieleza mimi: mafuta ya damu hupanda kwa kila mwenye mimba, lakini ya Neema yamepita kiasi. Aache nyama ya mafuta na vitu vya kukaanga, apunguze mayai. La sivyo presha inaweza kupanda, mtoto azaliwe kabla ya wakati, hata mishipa yake ianze kuharibika angali tumboni.
"Weye ndiye unapika," alisema. "Umwelezee vizuri, na mama mukwe wenu pia."
Njiani Neema aliuliza karatasi inasema nini. Nikajibu, "Damu iko sawa. Endelea kula tu."
Karatasi nimeificha chini ya godoro. Sikupanga kusema vile. Yalitoka yenyewe.

Jumapili, tarehe 17
Baada ya misa mama mkwe alimshika Neema tumbo mbele ya watu, wakapiga vigelegele. Mimi nilishika mikoba yao. Nimerudi, nimekaanga. Nimeongeza mawese.

Jumapili, tarehe 24
Miguu ya Neema imevimba. Viatu haviingii. Kichwa kinamuuma tangu Ijumaa. Mama mkwe anasema ni mtoto wa kiume, ndiyo maana anamchosha. Ameniagiza mchuzi wa mifupa. Nimepika. Naogopa. Lakini wivu bado ni mkubwa kuliko woga. Hiyo ndiyo kweli.

Jumatatu, tarehe 25
Asubuhi Neema alisema haoni vizuri. Aliita jina langu. Si la mama mkwe, langu. Nikatoa karatasi chini ya godoro, nikamwita mume wake, tukampeleka hospitali pamoja na mume wangu na mama mkwe. Presha juu sana. Daktari akauliza kama mgonjwa hakuelezwa chochote.
"Niliambiwa minye," nikasema mbele ya wote, nikijigusa kifua. "Sikumwambia."
Mama mkwe akanipiga kofi. Mume wangu aliangalia ukuta. Neema alikuwa anasikia.

Alhamisi, tarehe 28
Wamempasua. Mtoto msichana, wa miezi saba, anaenea katika viganja viwili. Anapumua. Neema pia yuko hai. Daktari anasema presha ya mimba ina sababu nyingi, huenda si mafuta peke yake. Haikunifariji. Anasema pia mtoto akikua atapimwa damu, na chakula chake kiangaliwe mapema. Yote niliyasikia kutoka nje, dirishani. Hawataki niingie.

Jumapili, tarehe 15 mwezi wa kumi
Wamerudi nyumbani tangu juzi. Mama mkwe anapika sasa: samaki wa kuchemsha na mboga ya lengalenga, bila mawese. Mimi nafagia tu. Mchana Neema alikuja mlangoni kwangu na mtoto. Maneno ya kwanza tangu hospitali.
"Mama mukubwa wake, mushike nifue nguo zake. Ila mulango ubaki wazi."
Nikampokea. Mwepesi mno. Bado namwonea Neema wivu, hata leo, hata na mtoto mikononi. Yeye aliinama kwenye beseni uani, akainua macho kila mara. Nikasogeza kiti mpaka mahali anaponiona vizuri, nikakaa hapo.