Raba ya Buluu

Mjukuu wangu Baraka,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima kwa neema ya Mungu, na mama yako Rehema anakusalimu.

Umeuliza kwa nini babu yako ameliacha gari Newala mwezi wa pili sasa, akisubiri masta mpya, zile pampu za mafuta ya breki na klachi, wakati fundi anasema za zamani zinatengenezeka.

Mama yako akiwa mchanga, gari letu la kwanza lilivuja mafuta ya breki hivyohivyo. Masta tulizikosa Masasi nzima, tukapanda Newala na gari hilohilo kuzitafuta. Fundi wa huko akafungua ile ya breki, akachomoa raba ya buluu.

"Mama Rehema, hii si ndala?"

Ndala zangu za buluu zilikuwa zimepotea! Nikamgeukia babu yako, akainamisha kichwa. Alizikata mwenyewe, akatia vipande kwenye masta zote mbili kuzuia kuvuja.

"Nilijua Mungu atatulinda," akasema.

"Amewalinda, Baba Rehema," fundi akajibu, "lakini msimchoshe."

Mteremko mkali wa Newala tungeushuka na gari hilo siku hiyohiyo, mtoto mapajani mwangu. Tukashuka kwa basi. Babu yako alimpakata mama yako njia nzima. Hata kumnyonyesha ilibidi nimwombe anipe.

Nakuombea kila siku,
Bibi yako